Zoraide Si Mashine

Kwa miaka ishirini na miwili Zoraide Brum alipima malori kwenye mizani ya kinu cha mpunga, nje kidogo ya mji wa Pelotas. Lori likipanda, anasoma uzito na unyevu, anaandika, anagonga muhuri, lori linashuka. Kazi yenyewe haikumsumbua. Waliomsumbua ni madereva, maana hajazaliwa dereva wa kukubali kwamba mpunga wake una maji. Kila siku ya Mungu kuna mtu aliyemwambia usoni kwamba mizani yake ni ya uongo. Presha ilipompanda, daktari alimpa vidonge na agizo moja: kabla ya kumjibu mtu yeyote, avute pumzi, ahesabu mpaka saba, ndipo afungue mdomo.

Agizo hilo alilishika kuliko hata vidonge. Alihesabu kwa madereva, alihesabu kwa bosi, alihesabu kwa shemeji yake Ademar, ambaye alistahili hesabu ndefu zaidi.

Ademar ndiye aliyemtia kwenye mchezo wa karata wa poka. Mmoja wa wenzake wa meza ya Jumamosi alivunjika mguu, kiti kikabaki wazi, Ademar akamwita dada wa mkewe aje azibe pengo. Zoraide, mjane asiye na la kufanya Jumamosi, akaenda. Mwezi wa kwanza walimcheka. Mwezi wa tatu hakuna aliyecheka. Mwezi wa tano Ademar akamwambia kwamba yule wa mguu amepona, kwa hiyo asante sana. Zoraide alikuja kumwona yule wa mguu sokoni, bado anachechemea na magongo. Akaelewa. Siku hiyo hiyo akajiandikisha kwenye mashindano ya mtandaoni.

Huko hakuna aliyemfukuza. Alicheza Jumapili baada ya chakula cha mchana, kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani, mkono wa kushoto, na kila zamu yake ilipofika alihesabu mpaka saba, hata kama karata zilikuwa takataka za kutupa palepale. Kwa miaka miwili alishindwa zaidi kuliko alivyoshinda. Mei mwaka huu mambo yakafunguka. Alikuwa wa kwanza kati ya watu mia nane na kumi na wawili. Wiki mbili baadaye akawa wa nne. Jumapili iliyofuata akawa wa pili, nyuma ya mtu wa Peru ambaye, Zoraide aliapa, alibahatika tu na karata ya mwisho. Aliziandika nafasi hizo kwenye daftari, pamoja na kila kosa alilofanya, na makosa yalijaza kurasa nyingi kuliko sifa.

Jumapili ya tatu ya Juni mvua ilinyesha tangu asubuhi, kuta zinatoka jasho. Zoraide alifika meza ya mwisho, watu tisa wamebaki, na yeye ndiye mwenye rundo kubwa la dau kuliko wote. Akaletewa ree na mfalme, zote za shupaza, karata za kuombea. Akahesabu. Alipofika tano, kioo kikageuka kijivu na maandishi yakatokea: akaunti yake imesimamishwa kwa uchunguzi.

Alidhani ni umeme. Haukuwa umeme. Alifungua simu akaingia kama mtazamaji, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo mpaka leo analisimulia. Kiti chake kilikuwepo, jina lake lipo, karata zinagawiwa mbele yake na kutupwa zenyewe. Dau la lazima likawa linamega rundo lake kidogo kidogo, raundi kwa raundi, na wale wengine wakijinenepesha. Alikaa dakika arobaini akijitazama anavyoliwa. Akatolewa akiwa wa sita. Pembeni ya jina lake, mbele ya macho ya dunia nzima, wakaandika: *ameondolewa, kukiuka kanuni*.

Barua pepe ya wenye mashindano ilikuja kesho yake akiwa kazini. Ilisema kwamba katika raundi elfu moja na mia nne muda wake wa kuamua ulikuwa uleule, sekunde saba, na kwamba tabia hiyo si ya binadamu. Walishuku kuna programu inayocheza kwa niaba yake.

Zoraide alijibu. Alieleza presha, daktari, hesabu, yote. Baada ya nusu dakika jibu likarudi: "Mpendwa mteja, tunaelewa usumbufu wako." Akaandika tena, akiuliza ni nani anayeelewa, ana jina gani. "Mpendwa mteja, tunaelewa usumbufu wako."

"Unaona vituko hivi?" alimwambia mdogo wake Marilda. "Mimi ndiye mashine, na wao hawana hata mtu mmoja wa kunijibu."

Walikuwa mezani kwa Marilda, wanakula. Ademar alikuwa anakata nyama bila kuinua macho.

"Sasa shemeji," akasema, "tuongee kama watu wazima. Hukusaidiwa na kitu? Hata kidogo?"

Zoraide akahesabu. Marilda alimwona midomo inavyotikisika, akaweka uma chini.

"Ademar," Zoraide akasema, "uliniona kwa macho yako nikikutoa jasho Jumamosi kumi na tisa. Nilikuwa na kompyuta gani? Niliificha kwenye sidiria?"

"Nauliza tu."

"Wewe unauliza tu, wao wanachunguza tu, na jina langu linapakwa matope tu."

Kinuni habari zilishafika. Gildo, dereva wa zamani mwenye mdomo mrefu, alisimamisha lori juu ya mizani, akatoa kichwa dirishani.

"Bi Zoraide, leo umechajiwa?"

"Unyevu asilimia ishirini na nne, Gildo. Rudi ukaanike."

Madereva waliokuwa foleni walicheka, naye Zoraide akagonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukamrukia kwenye mkono wa sweta.

Siku ya tisa wenye mashindano wakamtaka ajirekodi saa mbili mfululizo akicheza, uso, mikono na chumba chote vionekane. Kilichomkera zaidi ya yote ni hicho cha chumba. Alitandika kitanda, akaondoa picha ya marehemu mumewe, kisha akairudisha kwa hasira, maana kwa nini aiondoe? Marilda alishika simu saa mbili nzima, akibadilisha mikono.

"Dada, usinune hivyo, watasema una kiburi."

"Nanuna kwa sababu nimenuniwa. Mashine haijui kununa. Wapigie picha hiyo."

Video ikaenda. Siku ya kumi na tisa akaunti ikafunguliwa, na barua ikaja ya mistari miwili: uchunguzi umekamilika, tunakutakia mchezo mwema. Fedha za nafasi ya sita zikaingia. Neno samahani halikuwemo. Na ile orodha ya matokeo ilikuwa vilevile, *ameondolewa, kukiuka kanuni*.

"Wamekurudishia, achana nao," Ademar akashauri. "Na ukicheza, badilisha badilisha muda. Mara sekunde mbili, mara sekunde kumi."

"Yaani nijifanye mtu?" Zoraide akamwuliza. "Nimekuwa mtu miaka hamsini na sita, nianze kuigiza leo?"

Akaomba ruhusa kazini, akachapisha barua zote, akaenda ofisi ya kutetea wateja. Foleni ilikuwa ya nusu siku. Karani, mwanamke mfupi mwenye mafua, alisoma kila karatasi, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Mama, ulikuwa na karata gani pale walipokukatia?"

"Ree na mfalme. Shupaza."

Karani akavua miwani. "Hawana haya hata kidogo," akasema, akaanza kuandika.

Wito wa ofisi kwa wenye mashindano ulichukua wiki tano kujibiwa. Mwishowe mstari ule wa orodha ukabadilishwa: *Zoraide Brum, nafasi ya sita*. Marilda alimpigia simu kumpongeza, akisema sasa jina limesafishika, sasa moyo utulie.

"Ya sita," Zoraide akasema. "Marilda, mimi nilikuwa naongoza."

Jumatatu aliomba ruhusa nyingine. Bosi alimwuliza ni ya nini, na Zoraide akamwambia kwamba bado kuna karatasi moja hajaipeleka kwa yule karani, ya rundo alilokuwa nalo pale walipomkatia.