Video ya Moto wa Kariakoo

Kila alasiri Mzee Mbaruk, muuza mabaibui wa Kariakoo, huwafafanulia wenzake habari za dunia kwenye baraza la duka lake. Jana bintiye Nawal, anayeishi Maskati, alimpigia simu hapo barazani akilia: kaona soko zima linaungua.

"Moto gani? Mimi nimekaa hapahapa, nakunywa kahawa!"

"Lakini Baba, video ninayo."

Mbaruk akapandwa na hasira. Yaani baba mzazi anasema hakuna moto, mtoto anashikilia video iliyopikwa kwa mashine, na mpuuzi aliyeipika anafurahia watazamaji! Akawasha kamera, akamwonyesha mtaa, duka, wazee na vikombe vyao, mwisho uso wake.

Nawal akauliza kwa woga, "Na wewe ni Baba kweli?"