Ubao wa Kupimia Watoto

Mimi ni mtu nisiyetulia. Hata kwenye kiti nakaa upande mmoja, tayari kuondoka. Kwa hiyo nilipopata kazi ya nyumba kwa nyumba kwenye utafiti wa lishe hapa Babati, niliona nimepata kazi inayonifaa. Tulitaka kujua kama uji wenye unga wa maharage na dagaa unawasaidia watoto wadogo kurefuka. Kila mwezi tuliwapima. Mtoto ambaye hajafika miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala: muuguzi mwenzangu anashika kichwa kwenye ubao, mimi nanyoosha miguu na kusoma namba.

Tabu ilikuwa ubao wenyewe. Kina mama wengi hawakuupenda. Kwao anayepimwa akiwa amelala ni maiti, ili seremala ajue atengeneze jeneza la kiasi gani. Nilikuwa nawacheka, tena mbele yao.

Nangara kulikuwa na mama mmoja kijana aliyekataa mara mbili. Binti yake wa mwaka mmoja alikuwa anakunywa uji wetu, lakini bila kumpima tusingejua kama anakua au amedumaa. Mara ya tatu nilipandisha hasira. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani na anamnyima mtoto haki yake. Yeye hakukasirika.

"Dada, si na wewe una mtoto? Wako ulishamlaza hapo?"

Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo mtupu. Mwanangu alikuwa na miezi kumi na minne, kibonge, mashavu yamejaa, majirani zangu wa Maisaka wanagombania kumbeba. Nilijua fika kwamba unene si urefu. Niliwahubiria wengine kila siku. Lakini mganga hajigangi. Kila mwezi nilisema nitampima kesho, na ukweli ni kwamba sikutaka kumwona amenyooshwa pale.

Siku ile sikukalika. Nilipika nikaunguza, nikatoka nje, nikarudi. Nilimtazama mtoto akisimama kwa kushika stuli, nikaona miguu mifupi, nikajiambia macho yananidanganya. Asubuhi nilimfunga mgongoni, nikampitia muuguzi, tukaenda Nangara.

Nilimwambia yule mama kwamba jana nilimdanganya. Kisha nikamlaza mwanangu kwenye ubao, barazani kwake. Alilia, akapiga mateke. Nilisoma namba, nikaomba turudie. Tulipima mara tatu, ingawa utaratibu ulitaka mbili, na namba ilikuwa ileile. Muuguzi alifungua jedwali la urefu na umri, akaliangalia, akanisogezea.

Yule mama akauliza imekuwaje. Ningeweza kudanganya tena, asingejua.

"Ni mfupi," nikasema. "Amebaki nyuma sana ya wenzake."

Yule mama akamfungua binti yake mgongoni, akamlaza kwenye ubao kwa mikono yake mwenyewe. Nilimnyoosha miguu, nikasoma namba. Urefu wake ulilingana kabisa na umri wake. Nilipomwambia, mama yake alicheka kwa furaha, halafu akamtazama mwanangu, akajizuia. Wangu alikuwa bado analia mikononi mwa muuguzi. Nilichukua kalamu nikaandika urefu wa yule binti, huku namwonea mama yake wivu mkali ambao sijawahi kumwonea mtu.