Mashine ya Ukungu Katika Chumba cha Watoto

Wazazi wenzangu, naandika haya nikiwa nimekaa kizingitini kwangu, napumua bila muuguzi kunihesabia pumzi. Kama una mgonjwa wa kifua nyumbani, au mtoto anayekoroma kwa mafua kila usiku, soma hadi mwisho.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilisomea mitambo ya baridi na viyoyozi nikapata diploma, nikaenda Ghuba, na huko nilitunza hewa ya majumba ambayo wengi wenu mmeyaona kwenye simu tu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi kwetu Tetu, Nyeri, nilijenga nyumba ya mawe yenye dari, vigae, na madirisha yanayofunga kabisa. Ukitoka Giakanja utaiona kabla hujaambiwa ni ya nani. Na nilikuwa na mwili. Nilikuwa nikibeba gunia la chakula cha ng'ombe kutoka barabarani hadi zizini, halafu naendelea na maongezi kama mtu aliyebeba gazeti.

Shida ilianzia kwa watoto wangu. Januari, jua likiwa kali mchana na baridi ikiwa kavu usiku, Muthoni na mdogo wake Kariuki walishikwa na mafua. Pua ziliziba, midomo ikapasuka. Kariuki alikuwa bado ananyonya, na akishika titi anaachilia analia, kwa maana hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Asubuhi mto wa Muthoni ulikuwa na madoa ya damu ya pua. Mke wangu aliwatia matone ya maji ya chumvi puani, yakasaidia kidogo. Mimi nikasema shida ni hewa, na hewa ndiyo kazi yangu.

Nilikwenda Nairobi mwenyewe kuchagua mashine ya kuongeza unyevu. Ya kwanza ilikuwa ya kuchemsha maji na kutoa mvuke. Niliikataa, kwa sababu mtoto akiivuta kwa waya anaungua. Ya pili ilikuwa na feni na kitambaa cha kubadilishwa kila mara, na vitambaa hivyo sikutegemea kuvipata Nyeri. Ya tatu ilitikisa maji hadi yakawa ukungu baridi, bila kelele. Nikachukua hiyo. Muuzaji alianza kunieleza inavyofanya kazi, nikamweleza mimi.

Watoto walilala. Hilo silipunguzi. Wiki hiyo damu ilikatika na Kariuki akanyonya hadi akashiba.

Binamu yangu Gathogo, ambaye ni mwalimu, alikuja kuitazama.

"Ati umeenda mpaka Nairobi kununua ukungu?" akasema. "Na huu wa Tetu una makosa gani? Si ungefungua tu dirisha."

"Wewe funza watoto kuzidisha," nikamjibu. "Hewa niachie mimi."

Baada ya muda niliona vumbi jeupe juu ya meza na blanketi. Nilijua mara moja ni chumvichumvi ya maji ya kisima. Huku kwetu kila mtu anajua dawa yake. Maji ya mvua ni laini, hayaachi ukoko kwenye birika, na sufuria inabaki inang'aa. Basi nikaanza kujaza mashine kwa maji ya tangi, yale yanayoteremka kutoka kwenye mabati. Vumbi likaisha. Nikatoa amri nyumbani kwamba mashine isiguswe na mtu wala kuzimwa. Ikipungua maji, iongezwe ya tangi, basi. Maelezo yalisema isikae karibu na vitanda vya watoto, kwa hiyo niliiweka upande wa mlango, na mimi nikatandika godoro langu hapo ili nimfunike Kariuki akijifunua. Ukungu ulipita juu ya uso wangu kwanza.

Baridi ya mwezi wa saba ilipofika, Tetu ilifunikwa na ukungu. Jua hatukuliona. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Cucu, alisokota matambara akaziba chini ya mlango na kando ya madirisha, maana kwetu mtu mwenye mafua hafunguliwi hewa. Kuta zikaanza kutoa jasho. Mashine ikaendelea.

Hapo ndipo mwili wangu ulipoanza kunigeuka. Kila jioni nilitetemeka meno yakagongana, kisha homa, kisha jasho la kulowanisha shuka. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha kukwangua. Kifua kilibana kana kwamba nimefungwa mshipi ndani ya mbavu. Suruali zikaanza kunivuka. Kliniki walinipa dawa za nimonia, nikazimaliza zote bila nafuu. Walinipima kifua kikuu, hakikuwepo, lakini ni nani angeamini? Wageni walikuja kuniombea, nao chai yangu hawakuinywa. Nilimsikia jirani mmoja akiuliza sebuleni, "Na huko Uarabuni alikuwa anaishi na nani?"

Nikalazwa hospitali. Siku chache tu nikaanza kula, nikatembea, nikawachekesha wauguzi. Nikaruhusiwa. Nilirudi nyumbani kwa kiburi cha mtu aliyeshinda, nikalala mahali pangu. Kesho yake jioni nilikuwa natetemeka tena. Nilipumzika nusu njia kati ya chumba na choo, nimeshika ukuta wangu mwenyewe, ulio baridi na majimaji. Nyumba niliyoijenga ili niingie niwe salama ilikuwa inanikaba, na sikujua inatumia mkono upi. Nje kulikuwa na ukungu na matope. Ndani kulikuwa na matambara kila penye tundu. Niliogopa kulala, na nguvu za kukaa sikuwa nazo.

Mara ya pili nililazwa nikiwa na mpira wa oksijeni puani. Nikapata nafuu tena. Daktari alikuwa mama mmoja mtaratibu, aliyevuta kiti akaketi.

"Mzee, hapa unapona, nyumbani unaugua," akasema. "Hebu nitembeze kwako. Unalala wapi?"

Nilimtembeza. Nilimwonyesha vigae, dari, na mwisho mashine. Nilimweleza inavyofanya kazi, kwa kirefu kadiri pumzi ilivyoruhusu.

"Na ndani ya tangi la hiyo mashine huoshwa na nani?"

"Inapewa maji ya mvua tu, daktari. Hayana uchafu."

"Hayana chumvi," akasema. "Uchafu ni kitu kingine."

Sikuhitaji amalizie. Ghuba tulikuwa tukifungua mitambo ya maji kila mara kusugua ute, kwa sababu maji yaliyotuama yakirushwa hewani hurushwa na kila kinachoishi ndani yake. Niliunganisha mambo kabla yake, au pamoja naye. Halafu nikakumbuka ni nani aliyekuwa amelala kwenye godoro langu. Mke wangu alikuwa ameniambia tangu juzi kwamba Kariuki amepapenda mahali pa baba yake, na kwamba ameanza kukohoa.

Nilipiga simu. Ya mke wangu haikuingia. Ya Cucu ikapokelewa.

"Mama, zima mashine."

"Nani huyo? Sema kwa nguvu."

Sikuwa na nguvu. "Mashine. Zima."

"Si ulisema isizimwe? Nimeiongezea maji sasa hivi. Mtoto anakohoa, ndiyo nikaiweka karibu."

"Mama..." Kikohozi kikanishika. Nilikuwa nimefungwa na mpira wa oksijeni, na mtoto wangu anavuta ule ukungu, na kizuizi kilikuwa amri yangu mwenyewe, inayotiiwa vizuri kabisa. Nilimsikia Kariuki akikohoa ndani ya simu. Kilikuwa kikohozi changu, kimepunguzwa kikawa kidogo.

Daktari alichukua simu mkononi mwangu. "Cucu, mimi ni daktari wake. Ng'oa waya ukutani. Mtoe mtoto chumbani, mfunike vizuri, na ufungue madirisha."

"Kwa baridi hii?"

"Kwa baridi hii hii."

Kisha nikasikia viatu vyake vya plastiki, na mlango ukikwaruza juu ya matambara. Akarudi. "Nimeng'oa. Na mwanangu akiniuliza, nitasema ni wewe, daktari."

Asubuhi mke wangu alimleta Kariuki, na mashine ndani ya kiondo. Daktari aliifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na utando wa rangi ya waridi na kijani, ukinuka kama kidimbwi. Kariuki alipigwa eksirei, mapafu yake yakaonekana safi, na kikohozi kikaisha baada ya siku kadhaa. Muthoni hakuwa ameguswa. Mapafu yangu yalikuwa yamevimba kwa kupigana na uchafu ule, wala haukuwa ugonjwa wa kuambukiza mtu. Nilimeza vidonge vya kupunguza uvimbe kwa wiki nyingi, nikinenepa mashavu kama mtoto. Pumzi ilirudi polepole. Sasa gunia nalibeba tena, ingawa Gathogo anadai ni dogo kuliko la zamani.

Mashine sikuitupa. Niliichagua vizuri, na Januari bado ni kavu. Lakini sikilizeni. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa. Yamwage kila asubuhi, sugua tangi lake, likauke. Chagua ile ambayo mkono wako mzima unaingia ndani yake. Usitie mafuta ya kunukia. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, na kikipita asilimia hamsini, au ukuta ukitoa jasho, izime ufungue dirisha. Mtoto akipumua mbio au mbavu zikizama, acha mashine zote umpeleke hospitali.

Namshukuru Mungu, daktari yule, mke wangu aliyenibadilishia mashuka bila kunung'unika, na mama yangu. Amri yangu niliifuta. Kwangu sasa, yeyote anayesikia mtoto akikohoa, awe mzee au mgeni, ana ruhusa ya kuzima chochote nilichonunua, kisha aniulize baadaye kilikuwa cha nini.