Mama Kioo aingia kwenye maji yake mwenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi, na Mama Kioo tayari yuko ukingoni mwa bwawa la kuogelea, wavu wenye mpini mrefu mkononi, anavua majani yaliyoangukia majini usiku. Anauzamisha wavu taratibu, anauzungusha, anautoa, anaukung'uta kwenye ndoo. Maji yanatulia. Vigae vya chini vinaonekana kimoja kimoja.

Leo mkono unakwenda mbio kuliko kawaida. Chini ya sare yake ya bluu amevaa nguo ya kuogelea, mpya kabisa, ya mikono mirefu na suruali, na kila akipiga hatua inamlia kwikwi mapajani.

"Isikie!" anasema, akijicheka mwenyewe. "Hata nguo ina wasiwasi. Mimi sijui kama nina njaa au nina furaha."

Ana haki ya kuwa na wasiwasi. Saa mbili kamili, mbele ya meneja wa kituo hiki cha michezo, mwanamke huyu wa miaka hamsini na mitatu ataogelea kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule, bila kushika kamba, bila kukanyaga chini. Akifika, kazi ya bwawani inabaki yake. Akishindwa, Jumatatu anahamia chumba cha kufulia mataulo.

"Kufua si kazi mbaya, nisije nikaonekana naringa," anasema. "Lakini mimi na maji haya tumezeeka pamoja. Nikienda likizo nayaota. Sasa unipeleke nikakae natazama mashine inazungusha taulo? Nitakauka jamani!"

Jina la Mama Kioo alipewa na wenzake kwa sababu ya maji hayo. Yanavyong'aa asubuhi, wateja wa kwanza husimama kidogo kabla ya kuingia, kama wanaoona haya kuyavuruga. Anajua maji yakipungukiwa dawa kwa kuyanusa tu. Anajua ni kona gani hukusanya nywele na ni kigae gani huota utelezi kabla ya vingine.

Kitu kimoja tu ndicho ambacho hakukijua, nacho alikificha miaka yote aliyofanya kazi hapa. Hakujua kuogelea.

"Siku ya usaili waliniuliza, unajua kuogelea? Nikasema ndiyo," anasimulia. "Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwenye nyumba ananisubiri mlangoni. Wangeniuliza kama najua kupaa ningesema ndiyo, tena ningewauliza wanataka nipae kuelekea wapi."

Tangu siku hiyo aliishi kwa ujanja. Upande wa kina kirefu aliusafisha akiwa amesimama mbali na ukingo, kwa mpini aliourefusha mwenyewe kwa kuunganisha kipande cha bomba. Wafanyakazi wenzake wakimwita aingie wajipoze baada ya kazi, mara ana kikohozi, mara kichwa amesuka jana, mara sikio limeziba.

"Hili sikio limeugua, acha kabisa! Lingekuwa na mdomo lingenishtaki kwa kulisingizia."

Huenda angestaafu na siri yake kama si mteja mmoja wa asubuhi, mama mtu mzima kuliko yeye, anayetembelea fimbo kwa ajili ya nyonga mbovu. Kila akifika ukingoni humkabidhi Mama Kioo fimbo na kumwambia, "Nishikie, mdogo wangu." Kisha hushuka ngazi kwa kujivuta, na akishagusa maji huwa mtu mwingine. Nchi kavu anakokota mguu, majini anawaacha vijana nyuma.

Siku moja mama huyo alitoka, akajifuta uso, akamtazama vizuri. "Hivi wewe, kila siku unanishikia fimbo. Mbona sijawahi kukuona hata umelowa miguu?"

Mama Kioo akafungua mdomo ili atoe lile sikio. Sikio halikutoka.

"Nikajikuta namwambia ukweli. Dada, mimi naogopa. Basi nikasubiri kicheko. Hakucheka. Akaniambia, 'Mimi niliogopa mpaka nilipostaafu. Sasa nina mguu mmoja wa kutembelea na miwili ya kuogelea.' Akachukua fimbo yake akaenda zake. Nikabaki pale na ndoo yangu. Nilijisikia mwepesi, huwezi kuamini. Kumbe kuficha kitu kunachosha kuliko kazi."

Wiki hiyohiyo meneja mpya alitoa amri yake. Hakuna mtu atakayefanya kazi kando ya maji kama hawezi kujitoa mwenyewe akitumbukia. Wa bwawa wangeanza, wengine wangefuata. Mama Kioo hana kinyongo na amri hiyo.

"Amri ni ya haki. Uchungu ni kwamba ilinikuta mimi!"

Alimwendea mwalimu wa kuogelea, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wake, akamvuta pembeni nyuma ya rafu ya mataulo na kumwaga yote. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Tatizo likawa moja tu. Darasa pekee la wasiojua kabisa lilikuwa la Jumamosi, na wanafunzi wake wote walikuwa watoto wa chekechea.

"Nikamwambia, mwanangu, niandikishe hukohuko chekechea."

Ndivyo alivyoanza shule upya, magoti majini, kwenye mstari wa watoto waliovaa maboya mikononi. Siku ya kwanza binti mmoja asiye na meno ya mbele alimsukuma kiuno: "Sogea, bibi, hapo ni pangu." Akasogea. Binti huyohuyo ndiye aliyemfundisha kutoa pumzi ndani ya maji. "Puliza kama chai ya moto, bibi. Usiinywe!"

Mazoezi ya pumzi aliyapeleka nyumbani. Mume wake, fundi baiskeli asiyeishiwa maneno, aliingia jikoni akamkuta mkewe ametumbukiza uso kwenye beseni, anabubujisha maji, mikono imekamata meza.

"Nikasema basi, mama watoto kachanganyikiwa," anasema mzee huyo. "Nikamuuliza, unaosha vyombo kwa mdomo siku hizi? Akainua uso, maji yanamchuruzika, akaniambia niondoke namharibia pumzi. Nikaondoka. Mtu akikuambia hivyo katika hali ile, unaondoka!"

Kuelea ndiko kulikomtoa jasho. Mwalimu alikuwa akimlaza chali majini na kumshikilia mgongo.

"Legea, mama."

"Nimelegea, mwanangu."

"Mama, umenikaba shingo."

Mama Kioo anaigiza kisa hicho kwa sauti zote mbili, kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini anapokumbuka siku mwalimu alipoondoa mkono, sauti inashuka.

"Masikio yalikuwa ndani ya maji, sisikii kitu. Natazama juu tu. Nikashtuka kwamba sihisi mkono wa mwalimu mgongoni. Nikageuza macho, nikamwona yuko kule, amekunja mikono. Nililia, tena kwa sauti, na watoto wakanipigia makofi. Nilidhani kujifunza ni kama meno ya utoto, yakishang'oka basi. Kumbe sivyo!"

Saa mbili inakaribia. Watu wamejaa ukingoni kuliko alivyotarajia. Wapo wa mapokezi, wa jikoni, mtunza bustani na mafundi. Mume wake amefunga kibanda cha baiskeli na kuja na shati la kutokea. Mama wa fimbo yupo kwenye kiti cha mbele. Meneja, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, amesimama kwenye ukuta wa mwisho.

Mama Kioo anavua sare, anaikunja vizuri, anaiweka juu ya ndoo. Anashuka ngazi. Macho yanawaka.

"Tayari?" meneja anauliza kutoka kule.

"Tayari tangu juzi!" anajibu, na watu wanacheka.

Anajisukuma. Mwanzo ni wa fujo, maji yanaruka, mkono wa kushoto unapiga kofi badala ya kukata. Halafu pumzi inapata njia yake. Anapita nusu ya bwawa. Anaiacha nyuma alama nyekundu inayoonyesha kwamba sasa chini hakukanyagiki, na mumewe, bila kujijua, ameng'ang'ania mkono wa mtunza bustani.

Hapo katikati ya kina kirefu, Mama Kioo anasimama.

Kicheko kinakatika. Mwalimu anavua viatu. Meneja anapiga hatua kuelekea boya la kuokolea. Mama Kioo yuko wima ndani ya maji, kichwa juu, miguu ikipiga maji chini yake, hasogei mbele wala harudi nyuma. Anatazama kitu pembeni yake. Kisha anajipinda kando, ananyoosha mkono, anakamata kitu, anakikagua kwa kinyaa, anakichomeka ndani ya mkono wa nguo yake. Anarudisha uso majini na kuendelea. Kitambo kidogo baadaye kiganja chake kinapiga ukuta wa mwisho.

"Ulisimama," meneja anamwambia.

"Nisamehe, meneja." Anahema huku akichomoa kile kitu. Ni plasta ya kidonda, ya mteja fulani wa jana. "Imenipita mbele ya macho. Ningeiachaje? Wateja wanakaribia kuingia."

"Ulisimama wapi?"

"Pale."

"Pale ni wapi?"

Mama Kioo anageuka kutazama. Anaiona alama nyekundu, iko mbali huko nyuma. Anayaona maji ya bluu iliyokolea, yale aliyokuwa akiyasafisha kwa mpini wa kuunganisha, akiwa amerudi nyuma ya ukingo. Alisimama humo, mkono mmoja una kazi, wala hakukumbuka kuogopa.

Kelele anazopiga zinamtoa mpishi jikoni na mwiko mkononi. Mumewe anaruka na viatu vyake hadi maji ya kiunoni, upande wa ngazi, akiita "Mke wangu huyo! Wangu huyo!" kama vile kuna mtu anayebisha. Mama wa fimbo anagonga sakafu kwa fimbo. Meneja anajaribu kuuma mdomo asicheke, anashindwa.

"Bwawa ni lako," anasema. "Wengine wote wanaofanya kazi kando ya maji, zamu yenu ni mwisho wa mwezi."

Watu wanatawanyika. Mwandishi wa habari hii anapomuuliza Mama Kioo mipango yake, ameshavaa sare juu ya nguo iliyolowa na anayapima maji dawa kama kawaida, ila leo amekaa ukingoni, miguu yote miwili ndani. Mipango anayo tele. Anataka kujifunza kupiga mbizi aone vigae vyake kwa karibu. Anataka kumwingiza mumewe zaidi ya kiunoni. Zaidi ya yote, anataka kumwomba meneja muda wa saa moja asubuhi, kabla ya kufungua, kwa ajili ya darasa la watu wazima.

"Mwalimu atafundisha. Mimi nitakuwa wa kuwaambia nimewahi kumkaba mtu shingo, na tukaendelea kusalimiana. Ila sijui kama nitapata wanafunzi. Hapa kila mtu anajua kuogelea, nilikuwa peke yangu."

Kabla hajamaliza, fundi wa pampu anatokea kutoka chumba cha mitambo. Ni mwanaume wa miraba minne, na dakika chache zilizopita makofi yake ndiyo yaliyosikika kuliko ya wote. Anajifanya anakagua bomba. Anakagua bomba lisilo na tatizo lolote. Mwisho anachuchumaa karibu na Mama Kioo na kushusha sauti, ingawa hakuna mtu mwingine karibu zaidi ya mwandishi.

"Mama, wewe siku ya usaili walikuuliza kama unajua kuogelea?"

"Waliniuliza."

"Hata mimi waliniuliza." Analigusa tena lile bomba. "Tena nikawaambia napiga mbizi."

Mama Kioo anamtazama kutoka utosini hadi kwenye buti. Kicheko kinampanda, anakimeza chote, kwa sababu anakumbuka mtu ambaye hakumcheka.

"Na wa bustani?" anauliza.

"Yuko nyuma ya rafu ya mataulo," fundi anajibu. "Amenituma nikuulize kwanza."

Mama Kioo anasogea kidogo ukingoni na kupiga kigae cha pembeni yake kwa kiganja.

"Mwite," anasema. "Vueni buti mkae hapa. Leo ni miguu tu."