Nilichoma Mota ya Marehemu Baba Mkwe

Jamani, mimi ndiye niliyeharibu. Si umeme, si uzee wa mota, ni mimi. Jina langu liacheni, ila kama unakaa Kizwite huenda nilishakutengenezea redio.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliunda mwenyewe mashine ya kusaga ulezi kwa mota ya lori, ya DC, volti ishirini na nne. Aliiendesha kwa betri za sola. Alipofariki, betri nazo zikafa. Mama mkwe akabaki anaitazama tu, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha kwa kusagia watu.

Ikakaribia siku ya kumaliza msiba wa mzee. Ulezi wa kimea umeshakauka, pombe inasubiriwa. Umeme wa nguzo ulikuwa umeshafika kijijini, basi mama akaniita kwa heshima zote: mkwe wetu ni fundi, atatuwashia.

Nilikuwa na transfoma moja tu, ndogo, inatoa AC volti kumi na nane. Lakini janja yake naijua: ukipitisha kwenye dayodi na kapasita kubwa, unapata DC na mita inapanda. Nikapima, ikasoma ishirini na nne. Mashemeji wakanisifia, kichwa kikavimba.

Kumbe nilipima mota haijabeba kitu! Mama alipomimina kimea, volti zikaporomoka, mota ikaguna, fyuzi ikakata. Hapo fundi mwenye akili anasema, jamani, transfoma hii haiwezi, tutafute kubwa. Mimi niseme hivyo mbele ya wakwe? Nikafunga waya mahali pa fyuzi, nikawaambia waendelee. Mota ikakwama kabisa, nami nikaiacha na umeme wake, nikingoja eti itachanganya. Ikatoa moshi, harufu ya kuungua ikajaa uwani.

Hilo bado si kosa langu kubwa. Watu walikuwa wananitazama, nikasema mzee aliifunga vibaya tangu mwanzo.

Mama mkwe alikuwa ameshika ungo. Hakupandisha sauti.

"Marehemu hawezi kujibu, baba. Ila wewe unajua."

Kimea kikasagwa kwa jiwe, wanawake wakipokezana. Siku ya kumaliza msiba ilifika pombe haijaiva, wageni wakanywa chai. Mota niliipeleka mjini kwa mafundi wanaosuka upya waya za mota, wakaniambia hata sumaku zimepasuka, nikaitupe. Sasa mama anasaga kwa jiwe ulezi wake mwenyewe tu, wa watu anaurudisha. Nikienda ananipokea vizuri, ananipa ugali na maharage, na habari ya mashine hagusi. Kila safari naenda na maneno ya kuomba radhi, narudi nayo.

Fundi mwenzangu, pima mota ikiwa kazini. Na ukishindwa ukweni, sema umeshindwa, aibu yake ni ya siku moja.

Juzi mke wangu alikuwa anamsimulia mwanetu kwamba babu yake alikuwa mtu mwema, ila mambo ya mota hakuyajua vizuri. Nilikuwa nimekaa hapo hapo nakula. Nikamega tonge jingine.