Historia ya Adhabu, Kama Nilivyoisoma Kisian

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi wa sheria, nilirudi nyumbani Kisian kwa likizo na kitabu kizito kuliko sanduku langu. Kilieleza jinsi nadharia ya jinai ilivyokua. Kwanza binadamu alilipiza kisasi. Kisha akamwachia Mungu. Halafu akaadhibu ili kuwatisha wengine, na mwishowe, alipostaarabika kabisa, akaanza kumrekebisha mkosaji. Ngazi kwa ngazi, hadi kwetu sisi tuliobahatika kuzaliwa juu kabisa.

Wiki hiyohiyo jirani yetu aliiba maksai mmoja wa mama. Mama alikuwa mjane mwenye maksai wawili tu, na masika yalikuwa karibu. Maksai mmoja havuti plau peke yake.

Maksai huyo alipatikana upande wa Port Victoria, akiwalimia watu kwa bidii ambayo kwetu hakuwahi kuionyesha. Jirani alikiri mbele ya wazee, akaahidi kumrudisha na kumlimia mama shamba lote kabla ya kugusa lake. Mambo kama hayo kwetu yalimalizwa hivyo tangu zamani. Mama alikubali, akaanza kuchagua mbegu.

Lakini tulikuwa pia na watu wenye maoni. Baba mdogo alitaka jirani avunjwe mkono. Mhubiri alitaka atubu Jumapili mbele ya wote. Chifu alitaka afungwe ili wengine waone. Karne zote za kitabu changu zilikuwa zimeketi uani kwetu zikinywa uji wa mama, na hakuna iliyokuwa imeondoka kuipisha nyingine. Chifu alishinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na askari.

Rumande ndiko jirani alikoanza kurekebishwa. Wenzake walimfundisha kukana, naye, aliyekuwa amekiri kijiji kizima kikisikia, akakana. Kesi ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Maksai naye akafungwa kamba nyuma ya kituo cha polisi. Nilimsindikiza mama kwenda kuomba arudishiwe maksai wake.

"Mama, hii ng'ombe ni ushahidi," askari alimwambia. "Haiwezi toka mpaka kesi iishe."

"Na mvua, bwana? Nayo itangoja kesi?"

"Mvua hatujashtaki, mama."

"Haya. Na nani analisha yeye?"

"Si mwenye ng'ombe?"

Nilirudi chuoni. Mtihani ukauliza jinsi adhabu ilivyoendelea tangu kale, nami nikajaza kurasa, kutoka kisasi hadi marekebisho. Mama sikumtaja, maana kitabuni hakukuwa na ngazi ya mtu aliyeibiwa. Nilipata alama nzuri sana.

Nilipofika nyumbani kuzitangaza, mahindi ya majirani yalikuwa yamepita kiuno. Shamba la mama lilikuwa nyasi tupu, nazo zilistawi vizuri. Alikuwa katikati yake, ameinama na mundu. Nilipomwona hivyo nilishikwa na uchungu, na kwa kukosa la maana la kusema nikamwambia kwamba nimefaulu.

"Vizuri, nyathina, mwanangu," alisema bila kuinuka. "Sasa kuja tufunge hii nyasi. Ushahidi haijakula tangu jana."