Mungu asipokuwepo mtajuta? Mimi nililijibu hilo swali joshoni, wanawake wakanitoza dume

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani humu mpo wengi.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, Gendabi hii hii ya Hanang. Nikiongeza chumvi kuna majirani zangu humu jukwaani, watanisuta mchana kweupe.

Nimeishia darasa la nne. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu aliyoniachia binti yangu, hivyo herufi ikiruka irudisheni wenyewe, msije kunicheka.

Jana nimekuta mada ya kijana mmoja anauliza: Wakristo, ikijulikana Mungu hayupo, mtajuta maisha mliyoishi?

Comments zimejaa. Hawa wanacheka. Wale wanajibu, "Sisi hatuna cha kupoteza. Akiwepo tumepata, asipokuwepo hakuna hasara."

Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Na nimewakasirikia nyote. Anayeuliza anadhani dini ni foleni ya kwenye dirisha ambalo labda limefungwa. Na anayejibu kwamba hana cha kupoteza, huyo ni muongo, au bado hajaishi. Mimi nimepoteza. Ngojeni niwaambie, kisha mtaendelea kuchekana.

Mimi ni Mwiraqw, kwetu ni Dongobesh, upande wa Mbulu. Nilihamia Gendabi nikiwa kijana, nafuata shamba. Majirani zangu ni Wabarabaig, wafugaji wenyewe hasa, na sisi ni wakulima wenye ng'ombe wachache. Tunagombana ng'ombe wao wakila mahindi yetu, tunapatana, tunazikana. Ndiyo maisha.

Nilibatizwa kwa sababu ya mwanamke. Sifichi. Baba yake alisema binti hatoki hapa kwenda kwa mtu asiyebatizwa. Nikaenda mafundisho, nikakariri yote, nikamwagiwa maji, nikapewa mke. Mungu nilikuja kumwamini baadaye kabisa, mwaka mmoja wa njaa, lakini hiyo habari ni ndefu na ina punda ndani yake. Tuiache.

Mke wangu ni Mama Paulina. Tulijaliwa mabinti wanne. Wa kiume hakuna.

Najua nyie wa mjini mtaniambia mtoto ni mtoto. Sawa. Lakini enzi zile huku kwetu mzee asiye na mtoto wa kiume alikuwa anaulizwa hadharani, boma utamwachia nani? Ndugu zangu walinijia zaidi ya mara moja. Oa mwingine. Kaka yangu alikuja na msichana kabisa, ameshamtafuta, ameshaongea na baba yake, na msichana mwenyewe amekaa pale nje kwenye kigoda, miguu ina vumbi. Namkumbuka alikuwa na haya, hakugusa hata maziwa.

Nikakataa. Nikasema kanisa haliruhusu.

Ndivyo nilivyosema, kanisa haliruhusu. Sikusema sitaki.

Sasa twende joshoni.

Siku ya kuogesha mifugo dawa ya kupe huwa watu wengi. Wanaume tunasubiri zamu tumeegemea ukuta wa josho, tunapiga soga. Upande wa pili wa huo ukuta kuna bomba, wanawake wanachota maji. Sisi tumeupa mgongo, wao wameinamia madumu, hawatuoni wala hatuwaoni. Lakini ukuta wenyewe unafika kifuani, na mtu mwenye akili angejua sauti haisimami nyuma ya ukuta wa namna hiyo.

Akaja mwalimu mmoja wa sekondari, kijana mgeni, kapangiwa kazi huku kutoka mkoa mwingine. Ana mbuzi wawili anawavuta kwa kamba kama mtu anayevuta mabegi stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Hao ni mbuzi au wanafunzi watoro?"

Watu wakacheka. Kijana mzuri tu, hana majivuno, ila kanisani haendi na hafichi. Akafunga mbuzi wake, akasema, "Mzee, nikuulize kitu bila ugomvi. Tuseme umekufa, umefika huko, hakuna kitu. Hakuna Mungu, hakuna mbingu. Utajuta?"

"Nikifika nikakuta hakuna kitu, nani atakayejuta?"

Wakacheka tena. Mwalimu naye akacheka, lakini hakuniachia.

"Haya, tuseme umejua leo. Sasa hivi, hapa hapa joshoni, ukiwa mzima na fimbo yako."

Mwinjilisti wetu alikuwepo na ndama zake. Akasema, "Mjibu mzee. Mshuhudie."

Wakuu, mimi nina ugonjwa mmoja. Nikiona watu wamenyamaza wananisikiliza, mdomo unatangulia mbele ya kichwa. Ungekuwa na dawa, josho lile ningetumbukizwa mimi kwanza.

Nikasema, "Ningejuta. Ningejuta sana. Kuacha pombe si kitu, hata sasa harufu yake siitaki. Lakini ningeoa mke wa pili. Leo ningekuwa na vijana wa kiume watatu wananiogeshea hawa ng'ombe, mimi nimelala kivulini. Mungu ndiye aliyenifunga kwa mama wa mabinti."

Wanaume walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mwinjilisti alicheka kuliko wote, ameshika ndama sikio, anasema, "Basi mzee ushukuru yupo!"

Halafu nikasikia maji yanamwagika kule bombani. Dumu limejaa na hakuna anayeliondoa.

Nikachungulia. Mama Paulina alikuwa pale, pamoja na jirani yetu Bibi Udaghwenga, mama wa Kibarabaig, na wengine watano sita. Mke wangu akajitwika dumu lake akaondoka. Hakuniangalia.

Nilipofika nyumbani nilikuta ugali umefunikwa na mboga iko pembeni. Yeye hayupo. Amechukua kitenge chake na Biblia, amehamia kwa Bibi Udaghwenga.

Hapa niwaeleze wageni. Wabarabaig wana jambo lao. Mwanaume akimtukana mwanamke katika uzazi wake, hajamtukana mmoja, amewatukana wote. Wanawake wanakaa kikao chao porini, wanaume hawasogei hata mume wa mtu. Wakikuona una kosa wanakutoza dume la ng'ombe, nao wanalichinja na kulila wenyewe. Ukigoma wanakulaani. Na nimeona wanaume wakubwa, wenye mikuki, wakilia kwa ajili ya hiyo laana.

Mimi nilidhani ni mambo yao wenyewe, hayanihusu. Siku ya tatu wakaja wanawake wawili mlangoni na fimbo zao.

"Baba Paulina, umetozwa. Dume jeusi."

"Mimi si Mbarabaig!"

"Na mkeo si mwanamke?"

"Nilikuwa najibu swali! Nilisema kama! Kama Mungu hayupo!"

"Basi na sisi tunasema kama. Kama una akili, leta dume."

Wakageuka wakaenda zao, wanacheka njia nzima.

Nilikuwa na dume moja tu jeusi, wakuu, kijiji kizima wanaliazima kwa ng'ombe wao. Nilikaa pale mlangoni nikawaka. Nitozwe kwa neno kama? Kuna mahakama gani duniani inafunga mtu kwa neno kama?

Ila kabla hawajaenda, yule mdogo kati yao alirudi hatua mbili akaniambia jambo. Kwenye kikao walimuuliza mke wangu, amekukosea nini? Akajibu, "Mimi miaka yote nilijua aliwakataa wale wanawake kwa sababu yangu."

Wakamsubiri aendelee. Hakuendelea.

Jioni ile sikula.

Asubuhi nikaenda kwa mwinjilisti. Nikamweleza yote. Akasema, "Mzee, usitoe. Hizo ni mila za kipagani. Ukitoa umekiri kwamba laana yao ina nguvu kuliko msalaba. Wazee wa kanisa watakutenga na Meza ya Bwana."

"Na mke wangu?"

"Atarudi tu. Umri ule ataenda wapi?"

Wakuu, nilimwangalia yule mtu. Huyu ndiye aliyesema mshuhudie. Huyu ndiye aliyecheka kuliko wote. Sasa kulipia kosa langu na lake ndiyo upagani, na mke wangu ni mzee sana asiye na pa kwenda. Nilikuwa na fimbo mkononi. Nilimshukuru kwa ushauri nikaondoka haraka, kwa sababu ya ile fimbo.

Njiani nikajiuliza, naogopa nini? Laana ya wanawake? Kidogo, sisemi uongo. Kutengwa kanisani? Sana. Lakini kitu kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa laana wala kanisa. Ni lile neno la mke wangu, na yeye kunyamaza baada ya lile neno.

Nikalifungua dume.

Nililifunga kwenye mti mbali na kikao chao, nikasimama. Bibi Udaghwenga akaja mbele, wengine nyuma yake. Mama Paulina alikuwa nyuma kabisa anaangalia chini.

"Umeleta kwa kuogopa laana?"

"Hapana, bibi."

"Kanisa lako limekutuma?"

"Kanisa limenikataza."

"Basi umeleta kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Nikayaacha. Nikasema, "Nataka arudi."

Halafu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Sasa mbona hukusema hivyo joshoni, ungebaki na dume lako!"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ila macho yalikuwa yananiwasha.

Walilila. Mfupa hata mmoja sikuonjeshwa, na ndiyo sheria.

Kesho yake mchana Mama Paulina akaingia uani. Neno la kwanza: "Kuku wangu uliwalisha nini, mbona wamekonda?"

Tulipokaa nikamwambia, "Mama Paulina, hata Mungu asingekuwepo, mimi nisingeoa mwingine."

"Acha uongo mzee. Ungeoa."

Akachambua maharage yake, akatupa jiwe moja, mawili.

"Ungeoa," akasema. "Halafu ungejuta."

Basi, vijana wa humu, hilo ndilo jibu nililopewa, na limenitosha.

Mimi Mungu namwamini. Sijaacha na siachi. Na amri ile ilinisaidia, ilinizuia siku ambayo mimi mwenyewe sikuwa na akili ya kujizuia. Ninachokasirikia ni sisi tuliofundishwa kuhesabu tulichokosa, mpaka tunawahesabu watu tuliolala nao nyumba moja kama hasara tutakayolipwa mbinguni. Mnaposema "hatuna cha kupoteza" mnawaambia wake zenu nini? Na nyie mnaouliza kama tutajuta, mbona mnatuuliza sisi wanaume tu, tena kwa kicheko?

Haijaisha. Wazee wa kanisa walikaa. Jina langu likasomwa mbele ya watu: ametoa sadaka ya kipagani, atakaa nje ya Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Nitubu nini? Nilimtukana mke wangu mbele ya kijiji, hapo hakuna aliyenitenga. Mwinjilisti alicheka, na hajatengwa. Nilipolipia lile tusi, ndipo nikawa mpagani! Mnitafutie mtu mwenye elimu anieleze hilo, maana mimi darasa la nne halinifikishi.

Nakaa benchi la nyuma sasa. Pale panavuma upepo wa mlangoni, na mkongojo wangu hauna pa kuegemea.

Jumapili iliyopita mchungaji alikuja na Meza ikaandaliwa. Watu wakasimama, benchi moja moja, wanakwenda mbele. Wanawake wa upande wa Mama Paulina wakasimama. Yeye jina lake halikusomwa, hana kosa, yuko huru kwenda.

Akasimama. Akatoka kwenye benchi lake. Akageuka, akaja nyuma, akaniambia, "Sogea."

Nikasogea. Akakaa.

Mwinjilisti akampungia mkono aje. Mke wangu akatikisa kichwa, akajifunga kitenge vizuri, akaangalia mbele. Mkate ukagawiwa ukaisha, kikombe kikazunguka, sisi tumekaa na ule upepo.

Ndiyo hivyo wakuu. Karibuni mseme, matusi pia nayapokea, nimeshatozwa makubwa zaidi. Ila naomba kitu kimoja. Kabla hujaandika kama wewe utajuta au hutajuta, mpe mkeo simu asome hapa, yeye ndiye aanze kujibu.